Maneno Aliyosingiziwa Bibi Mkunga

Asubuhi katika nyumba ya fundi cherehani zilianza kwa namna moja. Kabla ukungu haujapanda kutoka bondeni, mama alikuwa ameshakaa kando ya dirisha, mguu kwenye cherehani, akishona sare za watu. Binti yake wa miaka kumi na miwili naye alikuwa anazunguka nyumba nzima akitafuta kitu: leo soksi, kesho daftari, keshokutwa soksi ileile. Alipokuwa akitafuta alikuwa akiongea. Aliongea na paka, akaongea na sufuria, akaigombeza soksi iliyojificha. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku.

"Huo mdomo ungekuwa na miguu, ungekuwa umeshafika shuleni," mama alizoea kumtania.

Lakini Jumatano hiyo Chiriku alikunywa chai kimya, akavaa kimya, akachukua mkoba wake. Mama alisimamisha cherehani.

"Wewe, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Mbona umenyamaza kama umemwagiwa maji?"

"Nawahi tu."

Akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumatatu, na kila tone lililogonga bati la nyumba za jirani lilimgonga yeye kifuani.

Mambo yalianza wiki moja nyuma. Mwalimu wa historia, mwanamke kijana aliyehamishiwa shule yao mwaka huo, aliwaletea darasa la sita kazi ambayo hawakuwahi kupewa. Aliweka mezani kinasa sauti cha shule, kidogo kama kipande cha sabuni, akasema anataka waende kwa wazee wakarekodi jinsi watu walivyoishi kule juu mlimani kabla barabara haijachimbwa.

"Sitaki habari za wafalme wala za vita," alisema. "Nataka kujua walipika kwa kuni gani, walilala wangapi chumba kimoja, nguo zilikauka vipi wakati wa ukungu, mgonjwa alifikaje hospitali. Hayo hayamo katika kitabu chochote. Yamo vichwani mwa watu, na watu hao wanazeeka."

Chiriku alipangiwa Bibi Mkunga. Huyo alikuwa bibi mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa, aliyezunguka mlima ule kwa miguu miaka arobaini akizalisha. Nusu ya wazazi wa darasa la sita walipokewa na mikono ile. Jumamosi hiyo alimkaribisha Chiriku katika chumba chake, akamkalisha kwenye kigoda karibu na jiko, naye akaketi kitandani chini ya mkoba wa ngozi ulioning'inia kwenye msumari. Chiriku akabonyeza kitufe. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

Bibi alisimulia kwa karibu saa mbili. Alisimulia walivyobeba wagonjwa kwa machela ya miti, walivyochemsha mikasi ndani ya sufuria ya maharage, walivyoota moto huku wakicheka mpaka majivu yakawaingia machoni. Mwanzoni Chiriku alisikiliza. Kisha akaiona taa nyekundu ikiwaka bila kuchoka, akajiambia: kumbe mashine inasikiliza, mimi nihangaike ya nini? Chini ya kitanda kulikuwa na paka aliyezaa, na vile vitoto vilikuwa vinapandana migongoni. Chiriku akavitazama vitoto vya paka.

Mwishoni Bibi alikohoa, sauti imemkauka. "Leo umenikamua, mjukuu wangu. Nenda kayatunze hayo."

Njiani alimkuta rafiki yake, msichana mrefu waliyemwita Twiga. Wakajirekodi wakiimba. Wakajisikiliza, wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakaimba tena, na tena, mpaka kile chombo kikakataa kwa sababu kimejaa. Twiga akasema, "Futa kidogo tuimbe wa mwisho." Chiriku akabonyeza.

Jumapili alipokiweka sikioni ili aanze kuandika, alisikia kicheko cha Twiga. Akarudisha nyuma. Kicheko. Akapeleka mbele. Kimya. Saa mbili za Bibi Mkunga hazikuwepo.

Angeweza kurudi kwa Bibi, nyumba haikuwa mbali. Lakini alikumbuka kile kikohozi, na ile mikono mikubwa, akaona haya, akaogopa. Basi akachukua kalamu. Machela aliyakumbuka, akayaandika. Mikasi aliikumbuka, akaiandika. Penye pengo akaziba kwa ya kwake, na mdomo wake ulivyokuwa mwepesi, kalamu nayo ikawa nyepesi. Alikumbuka kwamba Bibi alitaja njia mbili za kwenda upande wa pili wa mlima: ya juu, inayozunguka msituni, na ya chini, inayofuata mto ndani ya korongo. Ni ipi waliyopita wakati wa mvua? Hakukumbuka. Akaandika korongo, kwa sababu lilisikika vizuri zaidi. "Mvua iliponyesha," aliandika, "tulipita korongoni bila wasiwasi, maana kuta za mawe zilitukinga."

Jumatatu mwalimu aliisoma kazi ile mbele ya darasa. Watoto walipiga makofi. Jumanne ilibandikwa ukutani. Na kabla ya kengele ya mwisho mwalimu akatangaza, uso umemng'aa: "Jumamosi hii tutakwenda kuyaona mahame upande wa pili wa mlima, pale watu walipoishi zamani. Na tutapita njia ileile ya Bibi Mkunga, tuone alichokiona."

Darasa zima lilishangilia, isipokuwa mtu mmoja.

Kilichomtia Chiriku hofu si uongo peke yake. Kila alipojaribu kukumbuka, picha moja ilimrudia. Bibi alipolitaja korongo, sauti yake ilibadilika. Aliweka kikombe chini. Akatazama ukuta. Kisha akasema jambo, jambo refu, na wakati huo Chiriku alikuwa anatazama kitoto cha paka kilichokwama ndani ya kiatu. Bibi alisema nini? Kutojua kulimtisha kuliko kujua.

Alhamisi alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya walimu. Alikuwa amepanga maneno: Mwalimu, nina jambo. Mwalimu akamwona kabla hajabisha hodi.

"Ingia, mwandishi wetu! Mwalimu mkuu ameisoma kazi yako. Amesema tuitume wilayani. Ulikuwa unasemaje?"

Maneno yote yaliteleza yakarudi tumboni. "Nilikuwa... nimekuja kuchukua chaki."

Ijumaa, akipita nyuma ya madarasa, alimsikia mtunza bustani wa shule, mzee mpole ambaye watoto walimwita Baba Maua, akizungumza na mwalimu.

"Mwalimu, mimi si mwenyeji hapa. Lakini mvua za siku tano, na korongo... roho yangu inasita."

"Hata mimi nilisita, Baba," mwalimu alijibu. "Lakini Bibi Mkunga mwenyewe amesema. Nani anaujua mlima huu kuliko yeye?"

Baba Maua alivua kofia akajikuna. "Kama ni Bibi amesema, basi. Sina la kuongeza."

Chiriku aliegemea ukuta. Hawakuwa wanamwamini yeye, walikuwa wanaliamini jina la Bibi. Baada ya masomo alikimbia moja kwa moja hadi kwa Bibi, apate walau kuuliza. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani aliyekuwa anaanika nguo kibarazani alimwambia, "Amepelekwa hospitali ya chini kutazamwa macho. Atarudi kesho jioni."

Kesho jioni. Na safari ilikuwa kesho asubuhi.

Jumamosi Chiriku alisema tumbo linamuuma. Mama alimshika paji la uso, akamtazama. "Huna homa. Hao wamekusifu wiki nzima, sasa unaona aibu. Vaa viatu vyako."

Walikuwa wanafunzi ishirini na wawili, mwalimu mbele na Baba Maua nyuma. Mvua ilikuwa imekatika, lakini juu kileleni wingu jeusi lilikuwa limekaa na haliendi popote. Njia ilishuka kati ya mashamba, ikapita vichaka vilivyolowa, ikaukuta mto. Kiranja wa darasa na Twiga, wenye miguu mirefu, waliomba ruhusa ya kutangulia na wenzao wawili. "Msifike mbali, msubiri kwenye daraja la magogo, ndani kidogo ya korongo," mwalimu aliwaambia.

Chiriku alijivuta nyuma. Alisimama kufunga kamba za viatu. Alisimama tena. Mara ya tatu aliinua macho akaliona korongo lenyewe. Kuta mbili za mawe meusi, ndefu kuliko kanisa au msikiti wowote aliowahi kuuona, na katikati njia nyembamba ikibanana na maji. Mashina ya miti yaliyong'olewa yalikuwa yamekwama juu sana ukutani, juu ya kichwa cha mtu mzima. Alijiuliza nani aliyeyapandisha pale. Kisha akaelewa. Yalipandishwa na maji.

Alijaribu kuita, sauti haikutoka. Yeye, Chiriku, aliyeongea hata na soksi, alifungua mdomo ukatoka upepo mtupu. Akakimbia. Aliwapita wenzake, akawasukuma, mmoja akaanguka kwenye matope akamtukana, hakugeuka. Akamshika mwalimu mkono.

"Mwalimu, tusiingie!"

"Kuna nini?"

"Bibi hakusema. Hakusema tupite hapa. Niliandika mimi."

Mwalimu aliinama. "Sema taratibu. Uliandika nini?"

"Nilimfuta. Kwa bahati mbaya, mwalimu, tulikuwa tunaimba. Sikukumbuka njia ipi, nikaandika hii. Alisema jambo kuhusu korongo na sikumsikiliza. Nadhani lilikuwa baya. Nadhani lilikuwa baya sana!"

Uso wa mwalimu ulibadilika rangi. Hakufoka. Aligeuka kutazama ndani ya korongo, wala hakuona mtu. Akapuliza filimbi, mara tatu, kwa nguvu zake zote. Mto ulikuwa unanguruma, ukaimeza ile sauti.

"Baba Maua! Wapandishe watoto pale juu kwenye mwamba. Wote. Usibakize hata mmoja huku chini."

Kisha akavua viatu, akaingia korongoni mbio.

Baba Maua aliwapandisha, akiwashika mikono mmoja mmoja. Pale juu aliwahesabu: kumi na wanane. Akawahesabu tena, kana kwamba wangeongezeka. Kileleni ngurumo zilianza, si kubwa, zile za kuvuta kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Chiriku alikaa amekumbatia magoti, macho kwenye mlango wa korongo. Twiga yuko humo. Twiga aliyesema futa kidogo tuimbe.

"Maji yanabadilika," msichana mmoja alinong'ona.

Kweli. Maji yaliyokuwa ya kijivu yalikuwa yanageuka mekundu kama matofali. Jiwe moja lililokuwa kavu lililowa. Likazama. La pili likazama. Baba Maua alishuka hatua mbili akasimama, mikono kichwani, midomo ikitembea bila sauti.

Ndipo alipotokea kiranja, amelowa mpaka kiunoni, kisha mvulana na msichana wameshikana, kisha Twiga akichechemea, na nyuma yake mwalimu akimsukuma mgongoni kwa mikono miwili. "Juu! Pandeni juu! Msitazame nyuma!" Baba Maua aliwavuta kama anayevuta mizigo. Kisigino cha mwalimu kilikuwa kinatoka damu.

Hawakuwa wamevuta pumzi kumi pale juu walipousikia mshindo. Korongo lilitapika. Maji yalitoka kama ukuta, yamejaa matope, matawi na mawe, na katikati yake magogo yalikuwa yanapinduka kama vijiti vya kiberiti.

"Lile ni daraja," Twiga alisema kwa sauti ndogo. "Tulikuwa tumekaa pale."

Chiriku alilia. Alilia kwa sauti, bila kuziba uso, na Twiga, ambaye bado hakujua lolote, akamkumbatia.

Njia nzima ya kurudi mwalimu hakumsemesha. Alimpeleka mpaka nyumbani, akaketi karibu na cherehani na mguu wake uliofungwa kitambaa, akamweleza mama kila kitu. Mama aliweka sindano chini.

"Asubuhi nilikusukuma mimi mwenyewe uende," alisema, na sauti ikamkatika. "Kesho tutakwenda kwa Bibi. Wewe ndiye utakayesema. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Jumapili Bibi Mkunga aliwapokea Chiriku, mama na mwalimu kitandani kwake, jicho moja limefunikwa bandeji. Chiriku alipiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona unatetemeka? Nani kakufukuza?"

Chiriku alisema yote. Kufuta, kuandika, kusifiwa, kunyamaza, korongo. Alipofika kwenye mshindo wa maji, mikono mikubwa ya Bibi ilishika ukingo wa kitanda.

"Wote walitoka?"

"Wote, Bibi."

"Una hakika? Uliwaona kwa macho yako?"

"Niliwaona, Bibi. Wote."

Bibi alipumua. Kisha hasira ikampanda. "Saa mbili nilikaa hapa koo likinichanika! Ulikuwa unasikiliza nini, paka?"

"Ndiyo, Bibi," Chiriku alijibu, maana ndiyo ilikuwa kweli. Mwalimu aliinamisha uso. Bibi naye akatikisa kichwa.

"Angalau leo husemi uongo. Haya. Leta hicho chombo."

Chiriku aliwasha kinasa sauti, lakini akafungua na daftari, akamtazama Bibi usoni.

"Tulikuwa wakunga wawili," Bibi alianza. "Mwenzangu alikuwa mfupi, mcheshi, anatembea haraka kuliko mimi. Siku moja ya mvua mwanamume mmoja alikuja mbio, mkewe ana uchungu upande wa pili. Mimi nikasema tupite juu, mwendo wa saa tatu. Mwenzangu akasema mtoto hatatusubiri saa tatu. Tukaachana pale penye mawe. Alinipungia mkono. Mimi nilifika, nikampokea mtoto. Mwenzangu hakufika. Tulimpata siku ya tatu, mbali, kule mto unapopanuka. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha hakuna mtu wa mlimani aliyepita korongoni. Hakuna aliyeandika popote. Tuliambiana tu. Barabara ilipokuja watu wakahama, walioambiwa wakafa mmoja mmoja. Nimebaki mimi."

Chiriku alifuta pua kwa mkono.

"Alikuwa anaitwa nani, Bibi?"

Bibi aliutazama ule mkoba wa ngozi. "Miaka mingi sana hakuna aliyeniuliza hilo," alisema. Kisha akalitaja jina, na jina la baba wa yule mwenzake pia, na Chiriku akayaandika, akayasoma herufi kwa herufi ili yasikosewe.

Jumatatu shule nzima ilikusanyika uwanjani. Kazi ya kwanza ilikuwa imebanduliwa ukutani. Chiriku alisimama mbele, akasema mwenyewe alichofanya. Wengine walimzomea, na aliwaacha wamalize. Kisha akasoma masimulizi ya kweli, ya wakunga wawili, mpaka mwisho, na wakati huo hakuna aliyezomea. Twiga alikuwa analia. Mwalimu mkuu aliagiza kibao cha onyo kiwekwe kwenye mlango wa korongo wiki hiyohiyo.

Bibi Mkunga alikuwa ameletwa, akaketishwa kwenye kiti cha mwalimu. Aliomba kusimama.

"Wanangu," alisema, "kusahau si dhambi. Hata mimi nasahau, majuzi nilitafuta miwani nikiwa nimeivaa. Huyu mtoto angekuja Jumapili ile akaniambia, Bibi, nimepoteza, ningemfokea kidogo, halafu ningemsimulia upya. Yangekwisha hapo. Kosa lake ni kwamba alichukua maneno yake akayaweka mdomoni mwangu. Mwalimu wenu aliliamini jina langu, na jina langu lilipatikana kwa kutembea miaka arobaini. Mkiandika ya watu, andikeni waliyosema. Mkiwa hamjui, andikeni kwamba hamjui. Mkikosea, semeni mapema, hata kama mnaogopa. Huyu alisema akiwa anaogopa, amechelewa, lakini alisema, na ndiyo sababu leo idadi yenu imetimia."

Akaketi, akamshika Chiriku mkono.

"Na mkipotewa na neno, njooni mniulize. Mimi bado nipo."